Mapema kwa Nani?

Mwaka 2024 Engin Firat, aliyekuwa kocha wa Harambee Stars wakati huo, aliita kikosini wanafunzi wawili wa St. Anthony's Kitale: Aldrine Kibet na Amos Wanjala. Siku hizo nilikuwa kwenye matatu nikitoka Kitale kurudi Bungoma, na hata hatujafika Kiminini kesi ilikuwa imeanza. Mzee aliyeketi mbele akasema hao ni watoto wa shule, wanapelekwa kuvunjwa miguu na wanaume. Makanga akamjibu ati mpira hauulizi kitambulisho. Kufika Kamukuywa gari lilikuwa limegawanyika: wa "mapema mno" na wa "wakati ni huu". Mimi nilinyamaza hadi Webuye. Leo nasema: pande zote mbili zilikuwa zinajibu swali lisilofaa.

Tuanze na wa "mapema mno". Neno mapema linaeleza foleni tuliyoipanga vichwani mwetu. Halituambii lolote kuhusu miguu ya kijana. Angalia Wamarekani na futiboli yao. Huko kijana haingii NFL mpaka miaka mitatu ipite tangu amalize shule ya upili. Wanampima mbio za yadi 40, wanampima kuruka, hata viganja wanavipima. Na bado wanakosea vibaya. Mwaka 2007 JaMarcus Russell alichaguliwa wa kwanza kabisa, na Oakland Raiders. Baada ya misimu mitatu hakuwa kwenye ligi. Mwaka 2000 Tom Brady alisubiri hadi nafasi ya 199, na akaja kustaafu na mataji saba ya Super Bowl. Kama hao na mashine zao hawawezi kujua, sembuse sisi tunaopima kwa macho kutoka kando ya uwanja, jua likituchoma?

Lakini kuna jambo moja Wamarekani wamelipanga vizuri. Russell alipofeli, klabu ilikuwa imeshamlipa mamilioni ya dola. Aliyechagua ndiye aliyebeba hasara. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Kwetu, kocha au mwalimu akikosea kumchagua mtoto, bili inaenda kwa nani?

Nina binamu. Jina lake naliacha. Alichaguliwa akiwa na miaka 14, kwenye uwanja wa shule ya msingi huku kwetu Bungoma, wenye ng'ombe kwenye kona na magoli ya miti. Mwalimu mmoja alimwona nusu saa tu, akamfuata shangazi hadi nyumbani, akanywa chai, akasema kijana atasomeshwa bure. Shule siitaji. Shangazi hakupewa karatasi yoyote. Alipewa neno, na kwetu neno la mwalimu ni kitu kizito.

Miaka miwili kijana alicheza winga ya kulia na kwa kweli alikuwa moto. Kisha goti likaenda. Muhula uliofuata barua ya karo ikafika, na salio la nyuma juu. Shangazi alipopiga simu aliambiwa mipango imebadilika. Leo binamu anaendesha bodaboda pale Kanduyi, na akipanda kilima utamwona ameunyoosha mguu mmoja.

Sasa niambie, nani alipiga kelele "mapema mno" siku ile? Hakuna. Tunapigia kelele kijana anapoitwa timu ya taifa, ambako kuna daktari na kamera. Mtoto wa miaka 14 akichukuliwa kutoka kijijini kwa ahadi ya mdomo, tunasema ana bahati. FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache. Kutoka shule ya kijijini hadi shule ya bweni, hakuna FIFA ya kuuliza mzazi alitia sahihi nini.

Na nyinyi wa "wakati ni huu", msianze kucheka. Najua mnachotaka kusema. Kibet alikwenda Uhispania, akawa kwenye timu ya vijana wa chini ya miaka 20 iliyocheza AFCON kule Misri mwaka 2025, mara ya kwanza Kenya kufuzu, kisha akatua Celta Vigo. Kesi imeisha, kocha alikuwa sahihi. Nami nilishangilia, tena kwa sauti. Lakini kijana mmoja kuvuka mto salama hakuonyeshi kwamba daraja lipo.

Hebu tazama pesa. Mchezaji aliye na mkataba akiuzwa kwa klabu ya nchi nyingine, sheria za FIFA zinatenga asilimia 5 ya bei kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Fungu hilo linaitwa malipo ya mshikamano, solidarity. St. Anthony's wanaitwaje na mashabiki? Solidarity Boys! Lakini sheria inazungumza juu ya klabu zilizosajiliwa na shirikisho. Shule si klabu. Kwa hivyo shule zetu zinalea, zinalisha, zinafundisha krosi, halafu pesa zikianza kutembea hazina mlango wa kubisha. Kisha tunashangaa kwa nini shule inamtupa mwenye goti bovu. Haina mfuko wa kumtibu.

Nakubali hoja moja ya makanga. Bila mpira, binamu yangu hangefika hata kidato cha pili. Alisoma miaka miwili ambayo shangazi hangeweza kuilipia, na siwezi kudanganya kwamba ilikuwa bure. Ndiyo maana sisemi shule ziache kuchagua watoto. Wachague hata kesho. Ila ahadi iandikwe, mzazi abaki na nakala, na ndani yake kuwe na sentensi moja: karo italipwa hadi mtihani wa mwisho, aumie asiumie. Na shule zinazolea wachezaji ziungane na klabu zilizosajiliwa, ili kijana akiuzwa, kuna chochote kinachorudi kwa goti la mwenzake.

Juzi nilimuuliza binamu kama yeye anaona wale wawili waliitwa mapema. Alikuwa anafuta pikipiki. Akafikiri kidogo.

"Mapema si shida," akasema. "Shangazi yako... aah, mama, alifaa kuitisha risiti."