Pesa ya ufuta imeingia, dogo anataka pikipiki: anunuliwe ipi?

Msimu wa ufuta ukifika Lindi, pikipiki mpya huanza kuonekana kwenye njia za mashambani, na Mchinga nako ni hivyo hivyo. Mnada umefanyika, malipo yameingia, na nyumbani linaibuka ombi ambalo wazazi wengi wa pwani hii wameshalizoea: kijana wa miaka 16 au 17 anataka pikipiki yake ya kwanza.

Mara nyingi ombi lenyewe si la anasa. Ukiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi na kuingia ndani, kuelekea upande wa Mipingo au Rutamba, usafiri ni wa kubahatisha. Gunia la ufuta halibebeki kichwani kilomita kumi, na mgonjwa hawezi kusubiri hadi kesho.

Kwenye nchi tajiri, mtoto wa shambani hununuliwa ile pikipiki ya matairi manne. Huku watu wameiona zaidi kwenye video za watalii wa Zanzibar. Ni ghali, spea zake si za kukuta kila duka, na kwenye kijia chembamba katikati ya mikorosho upana wake wenyewe ni tatizo. Kwa hiyo mjadala wa Mchinga ni wa matairi mawili, na swali ni cc ngapi: 100, 125 au 150?

Sare ya shule

Wazazi wengi huchagua kwa jicho la bodaboda. Wanaona 150 ndiyo inayobeba mzigo, ndiyo inayopanda mlima na abiria, basi wananunua hiyo. Kuna na hoja ya "atakua nayo", kama sare ya shule inayonunuliwa kubwa ili ivaliwe miaka mitatu.

Sare kubwa haimvunji mtu mguu. Pikipiki ya aina hii ina zaidi ya kilo 100 kabla hujaipakia chochote. Kijana ambaye miguu yake haifiki chini vizuri akiwa ameketi, siku akisimama ghafla kwenye mchanga mzito wa pwani au kwenye mfinyanzi uliolowa mvua za masika, itamlalia. Na mchanga hauhitaji nguvu nyingi za injini. Unahitaji gia ndogo, mwendo usiokatika na mkono uliotulia kwenye mafuta. Injini yenye nguvu mikononi mwa mtu asiye na uzoefu huzungusha tairi la nyuma bure, na akiogopa akafunga breki ya mbele ghafla, anakwenda chini.

Kwa kijana mwepesi anayeanza, anayekwenda shamba na kurudi, 100 inatosha. Udhaifu wake unajulikana: ukiipakia magunia mawili kila siku kwenye mchanga, klachi italia mapema. Mwenye kazi ya mzigo afikirie 125, ile yenye kiti kifupi, na atumie sehemu ya pesa kubadilisha tairi la nyuma aweke lenye meno. Kwa anayeanza, 150 haina sababu ya msingi zaidi ya sifa kijiweni.

Sheria nayo ina mstari wake hapo hapo kwenye 125. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki za chini ya cc 125, na daraja A ni ya zile zinazozidi. Nyingi zinazouzwa kwa jina la "125" ujazo wake halisi uko chini kidogo ya namba hiyo, lakini ni vizuri kuusoma kwenye kadi kabla ya kulipa. Ya matairi manne ina daraja lake, A2, pamoja na bajaji.

Kwa kulinganisha, Marekani miongozo ya usalama haitaki mtoto wa chini ya miaka 16 aendeshe ya matairi manne inayozidi cc 90, na madaktari wa watoto wa huko wanasema asiendeshe kabisa. Watu wanaivunja huko pia, lakini angalau namba ipo mezani wakati wa kununua.

Haitabaki shambani

Hapa ndipo hesabu nyingi za familia zinapokosea. Pikipiki inanunuliwa kwa ajili ya shamba. Baada ya wiki chache kijana anampeleka jirani Kitomanga, analipwa, na siku inayofuata yuko kijiweni. Anaanza kwa abiria mmoja, halafu mshikaki. Asiyenunuliwa anatafuta "deiwaka" kwenye pikipiki ya mtu, au anapewa ya mkataba na kudaiwa hesabu kila jioni, wakati kwa sheria za Tanzania aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kwenye mkataba wa namna hiyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumwajiri kwenye kazi hatarishi. Sheria hiyo haijataja mshikaki wa saa tatu usiku kwenye lami ya malori, ila ni vigumu kufikiria kazi inayoifaa tafsiri hiyo zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba zinaondoa watu takriban milioni 1.19 kila mwaka. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa mwendeshaji kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hii ni kofia inayofungwa kidevuni, na ile inayoning'inizwa kwenye usukani kusubiri trafiki haimo kwenye hesabu hiyo.

Faini nayo haiogopeshi sana. Bajeti ya 2021/22 iliishusha kwa bodaboda na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa. Ilikuwa nafuu ya haki kwa watu wazima wanaotafuta riziki, ila kwa dogo asiye na leseni Sh10,000 ni abiria wachache tu.

Kadi ina jina la nani?

Wanaokimbilia pikipiki iliyotumika ili kupunguza gharama, waanze na namba ya chasisi na ya injini. Zisipofanana na kadi, ondoka. Kisha ikague fremu kama ina alama za kuchomelewa, maana iliyomaliza miaka yake kijiweni ikapakwa rangi inang'aa kama mpya.

Baada ya hapo inakuja kadi. Kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo pikipiki ya kijana wa miaka 16 kwa kawaida inasajiliwa kwa jina la baba, mama au mjomba. Kumruhusu mtu asiye na leseni kuendesha chombo chako barabarani ni kosa la mwenye chombo pia. Na akimgonga mtu, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ikigundua aliyekuwa anaendesha hana leseni. Hapo mdai atakwenda kwa yule ambaye jina lake liko kwenye kadi, na pesa ya kumlipa itatafutwa kwenye korosho za Oktoba.