Daktari wa Kesho Akae Wapi?

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, mji huu wa Dar es Salaam hupokea vijana wetu kutoka Kagera, Kigoma, Mtwara, Mbeya na Visiwani, waliopata nafasi ya kusomea udaktari. Ni vijana waliofaulu mitihani migumu, na huko walikotoka wazee wamewaombea dua. Lakini kabla hawajafungua hata kitabu kimoja hukutana na mtihani ambao hakuna mwalimu aliyewafundisha: watalala wapi? Hosteli za vyuo haziwatoshi wote. Wanaobaki hubeba masanduku yao wakamfuata dalali.

Watu wengi hudhani hilo ni shauri la mzazi na mwanawe tu. Sisi twasema sivyo. Ni shauri la Taifa zima, na hasa ni shauri letu sisi wanachama tunaokaa Kinondoni na Temeke, maana vyumba wanavyovitafuta vijana hao vimo mikononi mwetu.

Tuanze na historia, kwani asiyejua atokako hajui aendako. Serikali ya kikoloni iliugawa mji huu kwa rangi za watu. Palikuwa na Uzunguni, palikuwa na Uhindini, na Mwafrika aliwekwa Kariakoo na Ilala. Watu walipozidi, katika miaka ya 1950, zikaongezwa Magomeni na Temeke, huko pembeni, mbali na upepo wa bahari. Hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, ilijengwa Upanga. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara, nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka 1963 ikafunguliwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam hapo hapo Muhimbili, na kutoka katika shule hiyo ndicho kilichokua chuo kikuu cha leo cha sayansi za afya, kilichopata hati yake mwaka 2007.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa Upanga na Kariakoo. Leo hakuna sheria inayomkataza mtoto wa mkulima kulala Upanga. Kinachomkataza ni kodi. Ndiyo maana vijana watano au sita hujibana katika chumba kimoja karibu na chuo, wakilala kwa zamu na kusoma kwa zamu, wakati chumba kizuri chenye hewa kipo Temeke, nao hawataki hata kwenda kukitazama kwa sababu wameambiwa huko ni uswahilini.

Neno hilo uswahilini latuudhi likitamkwa kwa dharau. Mwalimu mwenyewe alikuwa na nyumba Magomeni wakati wa kudai Uhuru, na hatukusikia kwamba akili yake ilipungua kwa kukaa huko. Kwa hesabu ya mwaka 2022 mji huu una watu 5,383,728, na katika Temeke peke yake wamo zaidi ya milioni 1.3. Hao ndio wagonjwa. Wagonjwa wa Temeke, wa Tandale na wa Mbagala ndio daktari huyu atakaowatibu siku zote za maisha yake. Je, ni ajabu gani akiwajua kabla hawajalazwa?

Kipindupindu kilipolipuka mwezi wa Agosti mwaka 2015, kilianzia Kinondoni hii hii, kisha kikasambaa mikoani. Kijana aliyekaa katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na choo kimoja uani, hahitaji kitabu kumweleza kwa nini ugonjwa huo hupita kutoka mlango hadi mlango. Anajua maji yanauzwa kwa ndoo. Anajua kwa nini mama hamalizi dozi ya mwanawe, na kwa nini mzee huja hospitali baada ya kumaliza dawa zote za dukani. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu hukaa na wazazi wa wanafunzi wake, naye hujifunza mengi barazani ambayo darasani hayapatikani. Twaona kwa daktari ni vivyo hivyo.

Hata hivyo, hatupendi kuwadanganya vijana. Kukaa mbali kuna gharama zake, na kijana achague macho yakiwa wazi. Kwanza aulize atasomea wapi hasa. Anayesoma Chuo cha Kairuki, kilichoanzishwa Mikocheni mwaka 1997, akipanga Mwananyamala au Kinondoni yu karibu. Lakini akipanga Temeke ataukata mji mzima asubuhi na jioni. Anayesoma Muhimbili akumbuke pia kuwa chuo hicho kina eneo la pili Mloganzila, huko mbali katika njia ya Morogoro, na hospitali ya huko ilifunguliwa rasmi mwaka 2017. Nauli ya huko aihesabu mapema.

Pili, atazame bonde la Msimbazi. Akaaye Magomeni huvuka Jangwani kwenda mjini, na mvua kubwa ikinyesha barabara ya hapo hufungwa, mabasi ya mwendokasi yakasimama na watu wakabaki ng'ambo. Akaaye Kinondoni ana njia nyingine ya kupitia Daraja la Salenda, ila siku kama hiyo magari yote huelekea huko. Akaaye Temeke hupita Chang'ombe na Keko hadi Kariakoo, na kutoka hapo miguu yaweza kumfikisha Muhimbili. Yeye hana haja ya kuvuka Jangwani. Mambo haya dalali hayasemi. Kadhalika chumba kinachoonyeshwa wakati wa jua kali chaweza kuwa dimbwi ikija mvua ya vuli. Kijana atazame ukutani kama pana alama ya maji, na awaulize majirani, asimwulize dalali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu mabondeni, na waliookoka wengi wakahamishiwa Mabwepande. Hilo si jambo la kusahau.

Tatu, na hili ndilo kubwa, miaka ya udaktari haifanani. Katika miaka miwili ya mwanzo kijana huwa darasani na maabara. Huondoka asubuhi na kurudi jioni kama mfanyakazi mwingine yeyote. Miaka hiyo aweza kabisa kukaa Temeke au Kinondoni, asome usiku, ajue watu. Baadaye huingia wodini. Huko kuna zamu za usiku, na mama anayejifungua hangoji daladala. Binti anayetoka wodi ya wazazi saa nane za usiku, tukimwambia apande bodaboda peke yake hadi Mtoni, tunamfanyia ukatili, na kuuita uzalendo ni uongo. Kwa hiyo twasema hosteli chache zilizopo wapewe kwanza walio katika miaka ya wodini, na mabinti wa zamu za usiku watangulie. Wa miaka ya mwanzo waje kwetu.

Lakini wakija kwetu watakuta nini? Hapa yatupasa tuambizane ukweli, hata kama utawachoma baadhi ya wasomaji wa gazeti hili. Kijana anafika na mkopo wa Bodi, nao hutolewa kwa mafungu, na kwa kawaida baada ya kuandikishwa chuoni. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ya kutoa ufunguo. Dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha mlango. Baba anauza ng'ombe, mama anakopa katika kikundi, na asiye na ng'ombe wala kikundi anarudi Upanga kuwa mtu wa saba katika chumba cha watu sita. Na huyo mwenye nyumba ni nani? Mara nyingi si bepari wa ng'ambo. Ni ndugu yetu, mwenye kadi ya chama mfukoni, ambaye katika mkutano wa tawi hupiga makofi kwa nguvu tunapolaani unyonyaji.

Twajua wenye nyumba nao wana hoja zao. Wako wajane ambao vyumba viwili vya mbele ndilo shamba lao. Kodi ya miezi sita ikija kwa pamoja huezeka bati au hulipa ada ya mtoto. Ikija kwa mwezi mwezi huliwa sokoni. Tena wako wapangaji wanaokimbia usiku na kuacha deni la umeme. Hoja hizo ni za kweli, na hatuwaombi wajane watoe sadaka. Twaomba mapatano ya haki: kodi ya mwezi mmoja, au mitatu ikizidi sana, mkataba ulioandikwa, unaosema pia habari za likizo na za umeme, na balozi wa shina awe shahidi wa pande zote mbili. Mpangaji anayejulikana kwa balozi hakimbii usiku, na mwenye nyumba aliyeweka sahihi mbele ya balozi hapandishi kodi kwa ghafla.

Mfumo wa nyumba kumi ni urithi wetu tangu TANU, miaka ya 1960. Haukuwekwa ili tukumbukane wakati wa uchaguzi tu. Kila tawi la Kinondoni na Temeke laweza, bila kungoja fedha za mtu yeyote, kuandika orodha ya vyumba vilivyo wazi na vyenye choo safi, pamoja na kodi yake, kabla vyuo havijafunguliwa. Umoja wa Vijana uipeleke orodha hiyo vyuoni. Hapo dalali atakosa kazi, na hatutamlilia. Tusiseme haiwezekani. Kule Hananasif, katika miaka ya 1990, wananchi wenyewe walishika majembe wakajenga mifereji na barabara za mtaa wao, wakisaidiwa fedha na ufundi. Kuandika majina ya vyumba ni kazi nyepesi kuliko kuchimba mfereji.

Kwa upande wa Serikali tuna maneno mawili. La kwanza ni sheria. Ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, nayo ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wameachiwa wapatane wenyewe, na mapatano ya mwenye njaa na mwenye shibe yanajulikana. Hatudai sheria ya zamani irudishwe yote, kwani nayo ilikuwa na kasoro zake. Twadai kifungu kimoja cha kukataza kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. La pili ni hosteli. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, na tuliona kwa macho kwamba nia ikiwapo kazi hufanyika upesi. Basi nia hiyo iwafikie na wanafunzi wa udaktari, waliomo wodini kwa usiku.

Na nyinyi vijana mnaokuja, karibuni. Msiione Temeke kuwa ni adhabu. Mtapigiwa muziki siku za harusi, na usingizi utakatika. Lakini mkiugua, jirani atagonga mlango kabla hamjamwita. Salimianeni na watu. Mtoto wa jirani akipata homa, msijifanye madaktari kabla ya wakati. Mpelekeni Hospitali ya Temeke au Mwananyamala, mkae naye katika foleni, mwone foleni hiyo ilivyo kwa aliyekaa upande wa benchi. Siku mtakapokaa upande wa meza mtaikumbuka.

Taifa linawasomesha kwa jasho la watu hawa. Wanachama, fungueni milango, na kodi iwe ya haki. Uhuru na Kazi.