Kadi Haikuungua

Kuna usemi uliojenga kiota katika ofisi zetu, nami nimeamua kuupiga vita hata kama nitachukiwa: "Kinachofanya kazi usikiguse." Husemwa kwa sauti ya hekima, na aghalabu na mtu aliyekalia kiti kikubwa, mara tu seva ya Linux inapopandishwa kwenda toleo jipya na mtandao ukakatika. Nathubutu kusema hiyo si hekima. Ni woga uliovishwa kanzu.

Hebu kwanza tuone kinachotokea hasa, maana ugomvi usio na ushahidi ni kelele tu. Seva huzungumza na kompyuta nyingine kupitia kadi ya mtandao, na Linux huipa kila kadi jina. Kwa miaka mingi kadi ya kwanza iliitwa eth0, ya pili eth1, kwa kufuata ipi ilionekana mapema mashine ilipowashwa. Utaratibu huo ulikuwa na ila kubwa. Mashine yenye kadi mbili ikizimwa na kuwashwa, iliyokuwa ya kwanza huenda ikawa ya pili. Fikiri, ndugu msomaji, kadi moja inatazama ndani ya ofisi na nyingine inatazama intaneti, kisha zinabadilishana majina usiku: kanuni za ulinzi ulizoziandikia mlango wa barabarani sasa zinalinda mlango wa jikoni! Ndiyo maana mnamo Januari 2013 programu ya systemd, katika toleo lake la 197, ilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipokaa. Iliyojengewa kwenye ubao mkuu wa mashine huitwa, tuseme, eno1. Iliyochomekwa huitwa mathalani enp3s0, kwa namba za njia na tundu ilimochomekwa. Ni majina magumu mdomoni, lakini yana sababu.

Watu wa Debian walikwenda polepole. Toleo lao la 9, la Juni 2017, liliyatumia majina hayo kwa mashine iliyosimikwa upya. Iliyopanda kutoka toleo la 8 iliachiwa majina yake ya zamani, yakishikiliwa na faili dogo la kanuni. Lilipotoka toleo la 10, Julai 2019, walitangaza kwamba faili hilo halitegemewi tena rasmi, ingawa kwenye baadhi ya mashine huenda likaendelea kufanya kazi. Tangazo limo katika maelezo ya toleo, pamoja na namna ya kujiandaa. Nani kati yetu huyasoma?

Sasa chukua mfano ninaoujua. Mwaka 2020 chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, kilipandishiwa seva yake kutoka toleo la 9 kwenda la 10 Jumamosi mchana na kijana wao fundi. Jumatatu asubuhi hakuna dirisha la keshia lililoiona seva. Wanachama walijaa ukumbini: mama wa ada ya shule, mzee wa dawa, vijana wa bodaboda waliokuja kulipa marejesho. Fedha zao zipo, ila hakuna awezaye kuona ni kiasi gani.

Ramli ikaanza. Wakapigiwa simu wenye kampuni ya intaneti, utadhani safari ya kutoka dirishani hadi seva, hatua kumi na tano, hupitia kwao. Waya ukabadilishwa. Kijana akaandika amri aliyofundishwa chuoni, ifconfig, akaona jina moja tu, lo, ambalo ni mashine kujisemesha yenyewe. Wakahitimisha: kadi imeungua. Ikanunuliwa nyingine, ikachomekwa. Kimya kile kile! Jioni akaletwa mtaalamu kutoka mjini, akashauri diski ifutwe yote na kila kitu kisimikwe upya.

Nilipoitwa Jumanne nilikaa mbele ya mashine yenyewe, kwa kibodi na kioo, nikauliza swali dogo kuliko yote: je, kadi ipo? Amri ya ifconfig ikiandikwa peke yake huonyesha kadi zilizo macho tu, iliyolala haitajwi. Amri ya ip link hutaja zote. Nayo ikazitaja zote mbili, ile ya zamani ikiitwa eno1 na ile mpya enp3s0, nzima kabisa, zimelala. Faili la mipangilio ya mtandao lilikuwa likiendelea kumwamsha eth0, mtu asiyekuwapo tena. Ni kama mgeni anayeizunguka Dar es Salaam akitafuta Independence Avenue huku amesimama Samora. Kadi mpya ilishindwa kwa sababu ile ile: nayo haikuitwa eth0. Jina likarekebishwa katika faili, kadi ikaamka, keshia wakaanza kuita namba. Hazikupita dakika kumi.

Na bodi ikajifunza nini? Ilimsimamisha kazi kijana, ikarudisha toleo la 9 kutoka kwenye nakala ya akiba, ikabandika karatasi mlangoni: marufuku kugusa seva. Hapo ndipo ninapogombana nao. Tatizo lilikuwa limekwisha! Walilipa siku mbili za aibu ili kununua maarifa, kisha wakayatupa jalalani pamoja na aliyeyapata. Matengenezo ya muda mrefu ya bure ya toleo la 9 yalikoma tarehe 30 Juni 2022. Tangu siku hiyo, tundu la usalama likigunduliwa katika programu zake, kiraka hakiji kwa njia ile ya kawaida. "Kinachofanya kazi" maana yake ni kwamba milango inafunguka asubuhi. Haisemi lolote kuhusu nani mwingine ana ufunguo.

Wapo watakaoniuliza: je, kijana hakukosa? Alikosa. Alipaswa kusoma kwanza, na alipaswa kuiwasha upya seva na kuijaribu kutoka dirisha la keshia Jumamosi ile ile kabla ya kufunga ofisi. Lakini tuwe waadilifu. Maelezo ya toleo ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mafundi. Amri aliyofundishwa chuoni ni ya zamani. Tangu toleo la 9, Debian iliyosimikwa upya haiji nayo kwa kawaida, na mafunzo mengi bado yanaihubiri. Hakuwa na mashine ya majaribio. Aliomba, akaambiwa bajeti haina. Yule mtaalamu aliyetaka kufuta diski hakuulizwa ushahidi wake, akalipwa nauli na posho.

Kutafuta hitilafu ya mtandao ni kutembea kutoka karibu kwenda mbali bila kuruka hatua. Kadi ipo na imeamka? Ina anwani? Inajua njia ya kutokea? Lango la ofisi linajibu? Anwani ya mbali inajibu? Ikijibu kwa namba na isijibu kwa jina, basi waya hauna kosa, kosa liko kwenye huduma ya majina. Kila jibu huandikwa kwenye karatasi. Kuzima na kuwasha si jibu, na kufuta diski ni kumzika shahidi.

Toleo jipya la Debian hutoka takriban kila miaka miwili. Ninachoziomba bodi zetu ni Jumamosi moja katika miaka miwili, kompyuta kuukuu ya kujaribia, siku tatu za fundi kusoma kwa malipo, na mtu wa dirishani abaki hadi jioni kuhakikisha seva inaonekana. Nimeona hesabu za vyama viwili vitatu. Chai na vitafunio vya kikao kimoja cha bodi hugharimu zaidi ya hapo.