Kukubali Bei Si Kuridhia

Hapa Goma kuna kauli inayofunga kila mjadala wa biashara: "Alikubali bei mwenyewe." Tuseme mtu amenunua kinyago cha kale kijijini kwa dola 20. Amekileta mjini na kumuuzia mfanyakazi wa shirika la kimataifa, au mtalii aliyekuja kuona sokwe wa Virunga, kwa bei mara kumi. Huyo naye amefika nacho Brussels, kikauzwa tena kwa fedha ambazo aliyekitoa hatazishika maisha yake yote. Ukiuliza haki iko wapi, utajibiwa kwamba hakuna aliyelazimishwa. Mimi nasema aliyekitoa amelazimishwa, tena amefichwa thamani yake, na kauli hiyo inatufundisha kuita dhuluma maelewano.

Tukiangalie kitu chenyewe. Lukwakongo ni kinyago kidogo cha Walega wa Shabunda na Mwenga, kinachoenea kiganjani. Uso wake una umbo la moyo, umepakwa udongo mweupe, na kidevuni huning'inia ndevu za nyuzi za mmea. Mnunuzi mzoefu haanzi na uso. Hukigeuza, akapapasa mgongo wa mti uliolainishwa na mikono na mafuta kwa miaka mingi, maana ulaini huo ndio unaotofautisha kitu cha kale na kile kilichochongwa juzi kikakaushwa kwa moshi. Muuzaji anavitazama vidole vile bila kujua vinatafuta nini. Bei inatajwa papo hapo. Mmoja anajua kwamba Ulaya kitu kama hiki huuzwa kwa maelfu ya euro. Mwenzake anajua tu kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mnayaita hayo makubaliano?

Na kuna jambo zito zaidi. Vinyago hivi vilikuwa vya bwami, chama kilichowapandisha Walega daraja kwa daraja kwa kuwafunza mwenendo mwema. Lukwakongo kilikuwa mkononi mwa mtu wa daraja la yananio, na alipofariki kilimsubiri ndugu ambaye angelifikia daraja hilo. Idimu, kilicho kikubwa zaidi, kilitunzwa na mmoja kwa niaba ya wenzake. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vingi vikaanza kuhama mikononi mwa wenyewe. Leo kijana mwenye shida anakitoa kinyago kwenye sanduku la babu yake na kukubali bei. Amekubali kwa niaba ya nani?

Najua utetezi wa wachuuzi, na sehemu yake ni ya kweli. Wanasafiri njia mbovu, wanalipa kwenye vizuizi, mara nyingine wananunua kitu bandia wakala hasara. Walipwe kwa jasho hilo, tena walipwe vizuri. Sina ugomvi na faida. Ugomvi wangu ni na ile sehemu ya faida inayotokana na kunyamaza tu. Wengine husema kinyago kingeliwa na mchwa au kuungua vitani. Huenda. Lakini kuokoa mali ya mtu hakukupi ruhusa ya kumficha thamani yake. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa bei ya mwenye shida: Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na mabenki yakafunga milango, kila nyumba ilijua maana ya kukosa fedha taslimu. Mwenye njaa hatoi ridhaa. Anatoa alichonacho.

Wanaodhani haya ni malalamiko ya maskini pekee waitazame Ufaransa. Mwaka 2021 mume na mke wazee walimuuzia mfanyabiashara wa vitu vya mitumba kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Machi 2022 kiliuzwa mnadani Montpellier kwa euro milioni 4.2. Wazee wakaenda mahakamani wakilia kwamba wamepunjwa, na nawaelewa. Lakini kinyago kile kilitoka kwa babu wa mume, gavana wa kikoloni aliyekipata kule Gabon karibu na 1917. Desemba 2023 mahakama ya Alès iliwakatalia wazee, kwa kuwa hawakujishughulisha kujua thamani ya mali yao. Gabon nayo, iliyojitokeza kudai kinyago, ikakataliwa. Kauli yetu ya Goma imeshinda kesi Ulaya.

Na bado Ufaransa hiyo hiyo, tangu sheria ya 1920, humpa msanii fungu kazi yake inapouzwa upya mnadani. Umoja wa Ulaya ukaieneza haki hiyo kwa agizo la 2001. Kwa hiyo wanajua vizuri kwamba kukubali bei ya kwanza hakumalizi deni. Ila mchongaji wa Shabunda hana jina kwenye karatasi, na asiye na jina halipwi.

Basi tuanze hapa kwetu, kwa anayenunua kijijini. Amwambie mwenye kitu kinauzwa kiasi gani mjini na ng'ambo. Aandike kimetoka ukoo gani, kijiji gani, na nani wengine walipaswa kuulizwa. Kikiuzwa tena, sehemu ya faida irudi kwenye ukoo huo. Mwenye duka anayeyaona masharti haya kuwa mazito na ajaribu jambo moja jepesi: mteja wake anayefuata akiwa amekishika kinyago mkononi, amwambie waziwazi alikinunua kwa nani, na alimlipa ngapi.