Akiba Huoza: Maoni kutoka Mpaka wa Shilingi Mbili

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema kabisa, pengine kabla hajajua kuitofautisha methali na nahau, ni "Akiba haiozi." Huandikwa ubaoni, hukaririwa, hutungiwa insha, na mtahini huridhika mtahiniwa akisimulia kisa cha Fulani aliyeweka na Fulani aliyefuja. Sina nia ya kuwakosoa wahenga, maana hawapo kujitetea. Hata hivyo, kwa sisi tuliolelewa Busia na Malaba, ambako mtu hutia shilingi za nchi mbili katika mfuko mmoja, methali hii yahitaji kupekuliwa upya. Dai langu ni kwamba akiba huoza. Huoza upesi zaidi mikononi mwa maskini, na aghalabu haiozi kwa sababu mwenyewe ni mbadhirifu, bali kwa sababu hakuna aliyemweleza hesabu yake kwa lugha aielewayo.

Historia ya mpaka wetu yatosha kuwa ushahidi. Hadi miaka ya sitini, Mteso wa Amukura na jamaa yake wa Tororo walitumia shilingi moja, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Mnamo 1966 kila nchi ikaanza kutoa sarafu yake kupitia benki kuu yake. Tangu hapo, aliyeuza mtama upande mmoja na kununua chumvi upande wa pili akawa mfanyabiashara wa fedha, atake asitake. Mwezi Mei 1987, serikali ya Uganda ilitoa shilingi mpya: 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu ya hayo ikakatwa asilimia 30 ya kiasi kilichobadilishwa. Aliyekuwa na milioni moja za zamani, ambazo kwa hesabu ya kawaida zingekuwa 10,000 mpya, aliondoka na 7,000. Yaani hata yule aliyejinyima chai miaka mitatu ili ajaze kopo lake, alikatwa sawasawa na mlanguzi.

Wakenya tusicheke. Tarehe 1 Juni 2019, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kuwa fedha halali baada ya Septemba 30 mwaka huohuo. Lengo lilikuwa kuwanasa wenye fedha haramu na wenye noti bandia, lengo ambalo hakuna mzalendo angelipinga. Lakini Juni hiyohiyo benki kuu za Uganda na Tanzania zilisitisha ubadilishaji wa fedha za Kenya, na kwa watu wa mpakani noti yenye thamani asubuhi ikawa noti ya kuulizwa maswali jioni. Muda ulipokwisha, noti takriban milioni 7.4, zenye thamani ya shilingi bilioni 7.4, hazikuwa zimerudishwa. Ni rahisi kudhani zote zilikuwa za mafisadi. Mimi siamini hivyo. Naamini miongoni mwake zimo noti za ajuza aliyezishonea ndani ya mto, akaugua miezi minne, na aliponyanyuka akaambiwa kuwa alichokihifadhi ni karatasi.

Kuoza huko kwa ghafla hutangazwa redioni. Kuna kuoza kwingine ambako hakutangazwi, nako ndiko humla mwananchi kila siku. Mwezi Januari 2024, dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi takriban 130. Shilingi ya Uganda haikusogea sana katika kipindi hicho. Ilikuwa karibu 3,800 kwa dola. Msomaji na achukue kalamu. Mwezi Januari, shilingi moja ya Kenya ilikuwa na thamani ya karibu 24 za Uganda. Mwezi Aprili, karibu 29. Mama wa Malaba aliyeweka faida yake katika shilingi za Uganda kwa kuamini kuwa ya Kenya inazama, alipoteza takriban sehemu moja kwa sita ya nguvu yake ya kununua upande wa Kenya, bila kuibiwa wala kufuja.

Hapo ndipo huja wosia unaopendwa sana kwetu, kwamba mwenye akili hununua ng'ambo. Ng'ambo ni rahisi, twaambiwa. Kavuke ukanunue sukari. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya sukari inauzwa shilingi 160 upande wa Kenya na 3,600 za Uganda upande wa pili. Shilingi ya Kenya ikiwa 24, sukari ya ng'ambo ni 150. Ikiwa 29, ni kama 124. Tuseme pia kwamba boda boda ya kwenda na kurudi ni shilingi 100. Anayenunua kilo mbili amepata hasara katika hali zote mbili. Anayenunua kilo tano atapata hasara ya 50 katika hali ya kwanza na faida isiyozidi 80 katika hali ya pili. Na hapo hatujagusa kinachobaki mkononi mwa mbadilishaji fedha, anayenunua kwa bei moja na kuuza kwa nyingine, wala saa mbili zilizopotea ambazo fundi cherehani angezitumia kushona. (Neno hilo boda boda, kwa faida ya wanaosoma isimu, ni zao la mpaka huu wetu: lilianza kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kizuizi hadi kizuizi. Wenzetu wa mijini wamelichukua bila kutulipa.)

Simaanishi kwamba kuvuka ni ujinga. Namaanisha kwamba bei nafuu haiwi akiba mpaka nauli, ubadilishaji na muda vitiwe katika hesabu, na kwamba hesabu ya mwezi uliopita haifai mwezi huu.

Wapo wanaotafuta unafuu kwa kupita njia za panya. Hoja yao ni kwamba forodhani mna ushuru na foleni. Ni kweli kwamba zamani mtu aliweza kusimamishwa pande zote mbili, lakini kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili tarehe 24 Februari 2018, kinamruhusu msafiri kumaliza shughuli zake mara moja. Fauka ya hayo, upo utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha asili na kuondolewa ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine zaweza kubaki. Mwenye magunia mawili ya maharagwe yuko ndani kabisa ya kiwango hicho. Akipita vichakani, humlipa mbebaji, humlipa mlinzi wa kichaka, na akikamatwa hupoteza magunia yote mawili. Anakimbia ushuru ambao pengine hakustahili kuulipa. Nani alimweleza? Maelezo hayo yamo katika nyaraka, na nyaraka zenyewe, kwa sehemu kubwa, zimo katika Kiingereza.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa noti huoza, si afadhali mtu aweke akiba yake katika bidhaa? Wengi kwetu hufanya hivyo. Lakini mwezi Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri, na malori ya mizigo pekee yakaendelea kupita, yakipanga foleni ndefu mno Malaba madereva wakisubiri kupimwa. Muuza nyanya mwenye kikapu hakuwa na lori. Mwaka uliofuata, Januari 2021, Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda. Tarehe 5 Machi ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Barua moja kutoka Nairobi, na mahindi yaliyokuwa akiba Alhamisi yakawa mzigo Ijumaa. Sibishani na haja ya kuwakinga watu na sumukuvu. Nasema tu kwamba hata gunia huoza, na si kwa dumuzi peke yake.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha ufukara wa siku hadi siku, nalo ni uchumi wa kadogo. Sokoni kwetu karibu kila kitu hugawanywa vipande vipande: mafuta ya kupikia kwa kipimo, sabuni kwa kipande, majani ya chai kwa kifuko cha mara moja. Wachuuzi hufanya hivyo kwa huruma na kwa faida, na siwalaumu. Lakini tupige hesabu tena, kwa bei za mfano. Mtungi wa mafuta wa lita 20 ukiwa shilingi 5,000, lita moja ni 250. Kipimo kidogo cha sehemu moja kwa kumi ya lita kikiuzwa kwa 35, lita hiyohiyo imekuwa 350. Nyumba inayotumia kipimo kimoja kila siku italipa 1,050 kwa mwezi kwa lita tatu ambazo mwenye mtungi amezipata kwa 750. Maskini ndiye anayenunua ghali zaidi! Kisha huja mhadhiri wa semina ya ujasiriamali kumwambia apunguze matumizi. Apunguze nini, ikiwa tayari anapika kwa kijiko?

Dawa ya hilo haimo katika kujinyima. Wanawake wa mpakani wameijua siku nyingi: kumi wakichanga shilingi 500 kila mmoja, mtungi hununuliwa, kila mmoja huondoka na lita mbili, na amebakisha 200 ambazo angezipoteza kwa kadogo. Hiki ni chama katika umbo lake sahili kabisa, kabla hakijaanza kukopeshana. "Haba na haba hujaza kibaba" ni methali ambayo nadhani tumeifasiri kwa ubinafsi mno, kana kwamba haba zote lazima zitoke mfuko mmoja.

Bila shaka chama nacho huoza. Sote tumesikia habari za mweka hazina aliyeamka akahamia ng'ambo na sanduku, na mpakani ng'ambo si mbali. Ipo njia iliyoanzia mashambani nchini Niger mwaka 1991 na kuenea barani: sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote, na mwisho wa mwaka hugawanywa zote. Ni njia ya watu wasioaminiana kupita kiasi, na kwa sababu hiyo huwasaidia kuaminiana. Kiasi kikizidi uwezo wa sanduku, benki ina faida moja ambayo wengi hawaijui: tangu 2020, bima ya amana nchini Kenya humfidia mwenye akaunti hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Kabla ya hapo ilikuwa 100,000. Bima hiyo ni ya benki. Fedha zilizowekwa katika sanduku au kwa mtu mcha Mungu hazimo.

Sasa nisemeje na nyinyi, wanachama wenzangu? Sisi nasi tu watu wa fedha kidogo. Mkopo wa HELB ukiingia, wiki mbili za kwanza twaishi kama mabwanyenye na wiki za mwisho kama watawa, huku tukinunua sukari kwa kadogo katika vibanda vya nje ya lango. Wanaokaa vyumba jirani wangeweza kuchanga gunia moja la mchele mwanzoni mwa muhula. Sioni kwa nini watu wanaoweza kuunda makundi ya kuhariri jarida washindwe kuunda kundi la kununua maharagwe.

Lakini wajibu wetu kama wanafunzi wa lugha ni mkubwa kuliko sufuria zetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Baraza la Mawaziri la Uganda nalo liliidhinisha Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi. Mpakani hakikungoja idhini hiyo, kwa kuwa shilingi za nchi mbili zimekuwa zikibadilishwa kwa Kiswahili siku zote. Ilhali mama anayekopa ili aongeze mtaji hupewa mkataba wa kurasa kadhaa kwa Kiingereza, na sehemu inayotaja riba, ada ya kuchelewa na dhamana imechapishwa kwa herufi za kupofusha. Hutia kidole gumba. Akichelewa, huchukuliwa cherehani. Sarafu moja ya Jumuiya, ambayo ingemwondolea angalau usumbufu wa kubadilisha, iliahidiwa katika itifaki ya Novemba 2013 iwe tayari ifikapo 2024. Tarehe imesogezwa hadi 2031. Hawezi kuingoja.

Tunatumia muhula mzima kujadili iwapo "riba" na "faida" ni visawe. Ni mjadala mzuri, nami nimeshiriki. Napendekeza likizo ndefu ijayo wale wanaotoka Nambale, Funyula, Adungosi, Amukura, Malaba na Busia mjini waufanyie sokoni. Kila mmoja achukue mkataba mmoja wa mkopo au fomu moja ya forodha, aitafsiri kwa Kiswahili cha kueleweka, kisha aisome kwa sauti mbele ya chama kimoja cha akina mama, na abaki kujibu maswali. Tafsiri hizo zikiletwa muhula utakapoanza, jarida hili lizichapishe badala ya baadhi ya mashairi yetu ya mapenzi, yangu yakiwa ya kwanza kuondolewa.