Mwanafunzi muuguzi akikuuliza kazi yako, umjibu

Ndugu wafanyakazi, nanyi mama wa nyumbani, katika hospitali za Goma mnatukuta sisi wanafunzi wa uuguzi tulio katika staji. Tunauliza: unachimba wapi, umerudi lini? Wengine wanakasirika: "Nimekuja na homa, wewe unauliza habari za mgodi!"

Swali hilo si udaku. Julai 2019 mchimbaji dhahabu mmoja alirudi Goma kutoka Ituri. Homa ilimshika, akaugua siku kadhaa nyumbani kabla ya kufikishwa kituo cha Ebola. Alifariki mwisho wa mwezi. Mkewe na mtoto wao mdogo waliambukizwa. Kwa bahati walipewa dawa mapema, wakapona mwezi wa Agosti.

Siku za kwanza Ebola hufanana na malaria. Vivyo hivyo, vumbi la mwamba huleta kikohozi kama cha kifua kikuu. Macho peke yake hayatoshi kutofautisha. Kwa maoni yangu, mwanafunzi asiyejua kuuliza hivi asipewe sindano bado, hata akiwa wa kwanza darasani.

Taja mgodi, njia uliyopita na siku uliyofika. Tusipouliza, utuambie wewe.