Mbabula ibaki inje

Ndugu mfanyakazi, mgodini kisha baruti kulipuka, hauingii mbele hewa haijabadilishwa. Sababu unaijua. Lakini mwezi wa 6 na wa 7, baridi ikipiga Lubumbashi, unaingiza mbabula katika chumba cha watoto, unafunga dirisha, hata nafasi chini ya mlango unaiziba na kitambaa! Wengine husema: «Makala yamekwisha kuwa mekundu, moshi hakuna.» Wanajidanganya. Makala mekundu hutoa gazi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ikifungiwa ndani, inaua watu katika usingizi. Sisi tunaona afazali blanketi mbili. Na mtu akisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, au akitapika, mtoeni inje upesi, halafu hospitali, hata kama ni usiku.